Hisa za Mke Aliyeachwa

Sehemu ya tisa: Diwani apata alichokitaka

Wiki iliyopita tulimwacha Diwani Mbwana amesimama mbele ya mlango wa Mbaruku pale Mnyuzi, Jumamosi asubuhi, ngumi ameiinua tayari kugonga. Hakuwahi kugonga. Mlango ulifunguliwa kwa ndani, na aliyeufungua alikuwa Hamisa, mke ambaye Diwani mwenyewe alikuwa amemwacha. Kanga ilikuwa imefungwa kifuani na nywele zilikuwa bado mbichi kwa maji.

"Karibu, Diwani," akasema. "Mwenye nyumba anaoga."

Msomaji mmoja wa Muheza ameniandikia kwa hasira. Anauliza, mtu gani huyu anayemwoza mkewe kwa mwanamume mwingine, halafu anakuja kumdai asubuhi kama sufuria aliyoazimisha? Bwana huyu hakuanza nasi tangu mwanzo. Nitamweleza upesi, na ninyi wengine mnivumilie kidogo.

Bwana Kessel alikuwa na kiwanda cha kamba za katani huko kwao Ulaya. Nailoni ikaingia sokoni, mishahara ya huko ikapanda, akaona hasara kuvusha mkonge bahari nzima ili akausokote kwenye baridi. Akaamua kukifunga kiwanda kule na kukileta huku, penye mkonge, reli, na watu wanaokubali mshahara mdogo. Alitaka ardhi karibu na stesheni ya Mnyuzi. Ardhi hiyo ilikuwa shamba la marehemu baba yake Hamisa. Mbwana, kwa kuwa ni mume, akaitoa bila kumuuliza mtu, naye akapewa hisa kwa jina lake. Kaburi la mzee lilisawazishwa na trekta ili ipatikane sakafu ya kiwanda, na aliyekuwa akimwonyesha dereva pa kupita ni huyo huyo Mbwana.

Ikaja Februari ya mwaka 1967, likatoka Azimio. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, na anaposemwa kiongozi, ahesabiwe pamoja na mkewe. Diwani wetu alikesha anajikuna. Kulipokucha akamwandikia Hamisa hisa zote, kisha akampa talaka ili asiwe mkewe tena. Kamati ya TANU ikaguna. Talaka moja si kitu, walisema, mtu anaweza kumrejea mkewe kabla chai haijapoa. Mbwana akataka kuwaziba midomo. Akasimama msikitini mbele ya watu, akashika Msahafu, akaapa kwamba hana hisa wala hana mke mwenye hisa, akatoa talaka tatu kwa mpigo.

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe, kabla hata kiwanda hakijafika. Mke wa talaka tatu harudiwi mpaka aolewe na mwanamume mwingine, akae naye kama mke na mume, aachwe, kisha amalize eda. Na Mbwana alipomwambia Hamisa aende Korogwe akatie dole gumba ili hisa zirudi, Hamisa alimtazama akajibu, "Mimi si mkeo."

Ndipo Mbwana akatafuta muhalili, mume wa kupita tu wa kumhalalishia mkewe. Akampata Mbaruku, mfanyakazi wa gengi la reli, mtu mpole, kidonda mguuni, asiyemiliki hata kuku. Walikubaliana kwamba ataoa Jumatatu na kuacha Jumamosi. Hamisa alikubali upesi mno, nami niliwaambia wakati ule kwamba upesi ule ulikuwa na jambo ndani yake. Hesabu ya Mbwana ilikuwa nyepesi. Mashine zikishafika, eda ikishaisha, angejiuzulu udiwani kwa heshima zote, amwoe tena Hamisa, halafu ale raha.

Sasa, bwana wa Muheza, uko pamoja nasi. Turudi mlangoni.

"Mwambie atoke," Mbwana alisema. "Treni ya mashine inaingia leo. Sina asubuhi ya kuchezea."

"Mwambie mwenyewe. Mimi mke wa mtu, sitaki maneno."

Mbwana alicheka kwa pua. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la mikutano, na baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta. Alimtazama Hamisa kuanzia unyayoni kwenda juu, kama mtu anayekagua gunia lake lililolala ghala la mwingine.

"Umenenepa," akasema. "Siku hizi chache tu."

"Huku nakula nikiwa nimekaa," Hamisa akajibu.

"Utakaa vizuri zaidi. Watu wote wa Kwedizinga wametia mali yao kwenye kile kiwanda kwa neno langu. Hata Bibi Fatu ameuza ng'ombe wake gulioni Alhamisi. Mtu asiyeamini hata redio."

"Najua. Nilikutana naye darajani akimswaga. Nilimwamkia."

Mbaruku akatokea uani, taulo begani, akichechemea. Mbwana hakumpa hata nafasi ya salamu.

"Sema maneno yako, Mbaruku, niende zangu."

"Nimefikiri, Diwani."

"Nani alikwambia ufikiri?"

"Imetokea tu," Mbaruku akasema. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaanza kujifuta mguu taratibu. "Nyumba hii ilikuwa inanuka grisi na panya. Sasa inanuka mchuzi. Mtu ukishazoea mchuzi ni vigumu."

Mbwana alielewa mara moja. Watu wa aina yake huelewa upesi wakisikia mlio wa bei.

"Unataka nini?"

"Baiskeli ile."

"Chukua."

"Na redio yako."

"Redio ya nini wewe? Huna hata betri."

"Nitaitazama."

Hamisa alikuwa amesimama pale pale mlangoni, karai la vyombo mkononi. Hakuna aliyemwambia atoke wala aingie. Kwa siku zile chache alikuwa amekiosha kidonda cha Mbaruku kwa maji ya chumvi kila jioni, na mtu yule alikuwa amemwita mama, akamshukuru mpaka akatokwa na machozi. Nasema wazi kwamba Hamisa alikuwa ameanza kumwona Mbaruku binadamu. Alikuwa anasubiri aseme neno moja tu, kwamba huyu ni mke wangu, simtoi.

"Redio nakupa," Mbwana akasema. "Basi?"

"Tazama, Diwani, mimi si mwizi," Mbaruku akasema. "Najua mali ninayoirudisha. Ni mwanamke wa makamo. Kuzaa hakuzaa. Usiku anaongea ndotoni na marehemu baba yake, mtu hulali. Kama si chakula ningekurudishia bure. Niongeze na hilo koti tumalize."

Mbwana alivua koti. Alilivua haraka, mkono mmoja ukanasa, akauvuta mpaka uzi ukalia. Mbaruku akalivaa juu ya kifua kitupu, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mafundi wawili wa reli waliokuwa wakipita walisimama kutazama, na Mbwana akawaita wawe mashahidi.

"Moja haitoshi," akamwambia Mbaruku. "Toa tatu. Safari hii na mimi zinifae."

Mbaruku akazitoa tatu, akiwa amevaa koti la watu, bila hata kusimama. Fundi mmoja akasema "Haya," kwa kuwa hakujua mtu aseme nini mahali kama pale, na wote wawili wakaenda zao.

Basi Hamisa akawa ameachwa mara ya pili, mwaka ule ule, na kila mara kwa ajili ya kiwanda. Aliweka karai chini. Msidhani alilia. Mimi ningependa kuwaandikia kwamba alilia, maana wapo wasomaji wanaopenda mwanamke alie, lakini macho yake yalikuwa makavu kama mafungu ya katani juani.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza," Mbwana akasema. "Utakaa eda kwa baba yako mdogo. Nimeshamwambia akutandikie jikoni. Ukimaliza nitakuja na mahari."

"Ya nini?"

"Kwa sababu unazo hisa zangu, Hamisa. Tusidanganyane, sura yako naijua."

"Sina."

"Huna nini?"

"Hisa. Nilizitoa Jumatano. Nilipanda treni asubuhi, nikaenda ofisi ya kampuni Korogwe, nikatia dole."

Mbwana alimshika mkono juu ya kiwiko, akaupinda. Mbaruku aliona, akaangalia vifungo vya koti lake jipya.

"Umempa nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Baba yako mdogo? Huyu kiwete?"

"Wewe," Hamisa akasema. "Unaniumiza, Mbwana. Nimekurudishia wewe. Siku ile uliponiandikia hisa ulimwachia Bwana Kessel karatasi ya kuzirudisha, umeshaitia sahihi, ili siku ukitaka mimi niongeze dole tu. Karani aliitoa kabatini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ni mali ya mume wangu wa zamani, na mimi si mwizi."

Mbwana akamwachia mkono. Uso wake ulifunguka. Alicheka kicheko kirefu, akampiga Mbaruku begani, kisha akakumbuka kwamba lile ni koti lake akaondoa mkono. Kumbe baiskeli, redio na koti vimeenda bure. Kumbe hata kumwoa tena mwanamke huyu hakuna haja. Alikuwa tajiri tangu Jumatano bila kujua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliwahi kuniuliza jambo lini?"

Alicheka tena. Halafu kicheko kikapungua, kikakatika. Hamisa alikuwa anamtazama kwa utulivu, na mtu aliyeishi na mke wake miaka mingi anajua utulivu upi ni wa kawaida na upi si wa kawaida.

"Zipo kwa jina langu," akasema polepole.

"Kwa jina lako."

"Na mimi bado ni diwani."

"Mpaka sasa hivi, naona," Hamisa akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Njiani walikuwa wanakuja wazee watano wa kamati ya TANU, na mbele yao Mzee Mhina, katibu wa tawi, mtu mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Huyu ndiye aliyeguna zaidi ya wote siku ile ya talaka.

"Hongera, Diwani," Mzee Mhina akasema. "Tumekufuata nyumbani tukaambiwa uko huku. Jana alasiri ulikuwa Kwedizinga, kwa hiyo hukusikia. Karani wa kampuni alisimama stesheni na kipaza sauti, akasoma majina ya wenye hisa watakaokaa viti vya mbele leo. Jina lako limesomwa la kwanza. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mkono ulikuwa umeshaanza kabla kichwa hakijaelewa."

"Mzee Mhina, huyu mwanamke ananifanyia fitina."

"Mimi nimemrudishia mwenye mali mali yake," Hamisa akasema. "Kama kuna kosa, mzee, nionyeshe."

"Sioni," akasema Mzee Mhina.

"Hata mimi ni shahidi," Mbaruku akadakia. "Amekiri hapa hapa, nimesikia kwa masikio yangu. Amesema zipo kwa jina lake."

Mtazameni mtu huyo, wasomaji wangu. Koti bado lina joto la mwenyewe, naye ameshahama.

"Uliapa kwa Msahafu," mzee mwingine wa kamati akasema, na huyu hakubembeleza. "Msikitini, Mbwana. Tukakuamini. Tukaenda kwa watu tukawaambia diwani wetu amemwacha mkewe kwa ajili ya Azimio."

Mbwana akatazama upande wa reli, ambako kelele za watu zilikuwa zimeanza kusikika. Kule kulikuwa na sakafu mpya ya saruji na kiti cha mbele chenye jina lake.

Mzee Mhina akasema, "Tumekuja na neno moja tu. Hisa au udiwani. Ukiziacha hisa leo, zitakuwa za kijiji, nasi tutajitahidi kukuombea kwa wakubwa. Ukizishika, kadi na kiti turudishie. Chagua kabla treni haijaingia, maana watu wapo wengi na hatutaki aibu."

Hapa Mbwana angeweza kujiokoa. Nataka mlijue hilo. Angesema "chukueni," angebaki na kiti chake na nusu ya heshima yake, na hadithi hii ingekwisha leo. Lakini alikuwa ameshatoa mke, ameshatoa kaburi la mkwewe, ameshatoa na koti, na mtu akishatoa vingi namna hiyo hawezi tena kuamini kwamba alitoa bure.

"Kiti chenu hakinilishi," akasema. "Kaeni nacho."

Akatia mkono kifuani kutoa kadi ya chama. Mkono ukakuta shati. Kadi ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti, na koti lilikuwa mwilini mwa Mbaruku. Ikabidi diwani wa jana amwombe mtu wa gengi la reli, mbele ya kamati, amtolee kadi yake. Mbaruku akaupekua mfuko, akaitoa, akaifuta kwa taulo, akampa Mzee Mhina kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

"Asante, ndugu," Mzee Mhina akamwambia Mbaruku. Neno ndugu Mbwana hakulipata.

Wakaenda wote stesheni. Mbwana alitangulia kwa hatua ndefu, hana koti, hana kadi, shingo juu. Alikuwa sasa mwenye kiwanda na hakuwa na haja ya kumwogopa mtu. Hamisa alifuata nyuma kabisa, peke yake, kanga ya pili kichwani.

Stesheni ilikuwa imejaa. Malori mawili yalikuwa yamewaleta watu wa Kwedizinga tangu alfajiri. Bibi Fatu alikuwa amekaa chini karibu na viti vya mbele, amevaa kanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alipomwona Mbwana akamwita.

"Mjukuu wangu, mashine yangu ni ipi?"

"Zote, bibi," Mbwana akasema. "Kila mashine ina kipande chako."

Watu wakacheka kwa furaha. Mbwana akakaa kwenye kiti chake, akaweka mguu juu ya mguu. Kiti cha Bwana Kessel kilikuwa kitupu. Karani akaeleza kwamba Bwana Kessel aliondoka jana jioni kwenda Tanga kupokea wageni wakubwa, na atarudi nao.

Treni ikaingia. Mabehewa mawili yakakatwa, masanduku ya mbao yakashushwa, makubwa kama vyumba, yameandikwa maandishi meusi ya kizungu ubavuni. Wanawake wa Kwedizinga wakapiga vigelegele. Mbwana akasimama na kuamuru sanduku la kwanza lifunguliwe pale pale, watu waone, maana mpumbavu hufurahi mpaka anasahau kusubiri faragha.

Fundi mitambo wa kampuni alikuwa Stefano, Msambaa wa milimani, aliyeajiriwa mwezi ule ule. Alishika mtaimbo, akabandua ubao wa mbele. Misumari ililia, ubao ukaanguka, vumbi jekundu likatoka na kuwapaka watu wa mbele nyusoni.

Stefano aliingiza kichwa ndani. Alikaa humo kwa muda. Alipokitoa alikuwa ameshika gurudumu la meno, ukubwa wa sahani, na alipoligonga kwa mtaimbo, polepole tu, meno matatu yakadondoka chini kama magamba.

"Kutu," akasema.

"Safari ya bahari hiyo," Mbwana akasema. "Paka mafuta."

"Hii si kutu ya safari, bwana. Hizi zilikufa zamani, zikalala nje kwenye mvua. Mashine nzima imeshikana, hata mkanda umeozea ndani yake. Huko zilikotoka wangelipa watu wazitupe. Wametutumia sisi."

"Fungua jingine."

Akafungua jingine. Akafungua na la tatu. Mbwana mwenyewe akanyakua mtaimbo, akavunja la nne kwa mikono yake, mpaka vidole vikatoka damu. Ndani mlikuwa na vyuma vilivyovunjika, vimefunikwa kwa magunia ya zamani, na panya mmoja aliyekufa safarini. Vigelegele vilionekana kama vimekoma siku nyingi, kama ionekanavyo kwa mtu aliye ndani ya aibu, ijapokuwa ulikuwa muda mdogo tu.

"Bwana Kessel atakuja," Mbwana akasema. "Kuna makosa ya bandarini. Atakuja."

Karani wa tiketi, aliyekuwa amejitokeza dirishani, akakohoa. "Bwana Kessel alikata tiketi ya kwenda tu," akasema. "Na mizigo yake yote."

Hapo watu wa Kwedizinga wakaanza kusimama, mmoja mmoja. Hawakupiga kelele. Walisogea tu mpaka viti vya mbele vikawa katikati yao, na Mbwana katikati ya viti.

"Jamani, mimi ni diwani wenu," akasema.

Mzee Mhina akainua ile kadi juu ili wote waione, akairudisha mfukoni.

"Hisa ni za Hamisa," Mbwana akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Muulizeni Hamisa. Shamba la baba yake, hisa zake."

"Jana tumesikia jina lako, Mbwana," akasema mtu mmoja. "La kwanza. Tulipiga makofi."

Akamtafuta Hamisa kwa macho. Alimkuta amesimama juu ya ile sakafu ya saruji, mahali pale pale palipokuwa na kaburi, amekunja mikono. Na jamani, Hamisa alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameingoja saa hii tangu siku ya trekta, na ilipofika ilikuwa tamu kuliko alivyofikiri.

"Ulijua," Mbwana akamwambia. "Wewe nyoka. Ndiyo maana ulinirudishia. Ulijua."

Hamisa angeweza kunyamaza. Kila kitu alichokitaka kilikuwa kimeshatimia. Lakini alitaka Mbwana asikie, na wote wasikie, kwamba aliyemwangusha ni yeye, yule aliyetandikiwa jikoni. Akasema kwa sauti ya juu, iliyofika mpaka kwenye malori.

"Nilijua. Gengi la kina Mbaruku lilipelekwa Tanga kusaidia kupakua, sanduku moja likapasuka, wakaona. Akaniambia Jumanne, usiku wa pili wa ndoa yetu, akiwa anacheka. Jumatano nikaenda Korogwe nikakurudishia vyuma vyako. Ulilichukua shamba la baba yangu, ukamkanyaga na yeye mwenyewe. Sasa kula kutu."

Mbwana aliketi tena kwenye kiti chake cha mbele. Huo ulikuwa ushindi wa Hamisa, nao ulikaa muda wa mtu kuvuta pumzi.

"Hamisa, mwanangu."

Alikuwa Bibi Fatu. Alikuwa hajasimama. Kanga yake mpya ilikuwa imejaa vumbi lile jekundu, naye alikuwa analikung'uta taratibu kwa kiganja, upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Naam, bibi."

"Masikio yangu ni ya kizee. Umesema uliambiwa lini?"

Hamisa alikunjua mikono yake.

"Amesema Jumanne, bibi," mtu mmoja akamsaidia.

"Jumanne," Bibi Fatu akasema. "Na mimi ng'ombe wangu nimemtoa Alhamisi. Tulikutana pale darajani, mimi na wewe. Uliniamkia vizuri, nikakuitikia. Ukamshika ng'ombe pajini, ukasema, bibi, huyu amenona, atakupa bei nzuri."

Watu waliokuwa wamemzunguka Mbwana wakageuza vichwa. Kisha wakageuza na miili. Njia ikafunguka kati ya viti na ile sakafu ya saruji, na mwisho wake alikuwa Hamisa, peke yake juu ya kaburi la baba yake. Mbaruku, aliyekuwa karibu naye, akasogea pembeni na koti lake.

Mbwana akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu sanduku la kwanza lifunguliwe, rangi ilikuwa imemrudi.

"Mjibu bibi," akasema.